Wembe wa kale, mpini mpya: kumimina resini nyumbani

Chuma cha wembe wa kukunja chaweza kudumu karne nzima na zaidi. Kinachoharibika mapema ni mpini. Makala haya yanaeleza kwa nini mipini ya zamani huoza, na jinsi mtu anavyoweza kujitengenezea mpya nyumbani bila kuidhuru ngozi yake, mapafu yake wala makali ya wembe wenyewe.

Mtoto akililia wembe, mpe, walisema wahenga. Tukiisikia methali hiyo leo, wengi wetu hufikiria kile kipande chembamba cha chuma kinachouzwa dukani kikiwa kimefungwa kwa karatasi, ambacho Mmarekani King Camp Gillette alipata hataza yake mwaka 1904. Kabla ya hapo kinyozi wa Ulaya alishika kitu kingine kabisa: kisu kizima cha kunyolea, chenye mgongo mnene na makali membamba mno, kinachokunjwa na kulazwa ndani ya mpini wake.

Nyembe hizo zilifuliwa kwa wingi katika miji miwili hasa: Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, na Solingen, magharibi mwa Ujerumani. Solingen hadi leo hujiita mji wa visu, una jumba la makumbusho la visu na silaha za makali katika mtaa wa Gräfrath, na tangu mwaka 1938 jina lake linalindwa na sheria ili lisichapwe kwenye bidhaa iliyotengenezwa kwingineko. Kiwanda kikifungwa, au babu akifariki dunia, wembe hubaki katika saraka. Miaka sabini baadaye huibukia katika soko la vitu vikuukuu, chuma kikiwa bado kizima ila mpini umepasuka. Wembe wa namna hiyo huuzwa kwa bei ndogo, na hapo ndipo kazi yetu inapoanzia.

Mpini si pambo

Kwanza tuelewane kuhusu umbo. Mpini wa wembe wa kukunja hauna kipande kimoja, bali viwili vyembamba vilivyolala sambamba, ambavyo katika makala haya tutaviita mashavu. Kichwani, mashavu hayo yameushika wembe kwa ribiti moja ambayo wembe huizunguka unapofunguliwa na kufungwa. Mkiani, yametenganishwa na kabari ndogo iliyofungwa kwa ribiti ya pili. Nyembe nyingine zina ribiti ya tatu katikati.

Kazi ya kabari hiyo ndogo ndiyo siri ya chombo kizima. Shina la wembe, pale ribiti inapopita, huwa nene kuliko kabari. Kwa hiyo mashavu husogeleana kidogo kadiri yanavyokwenda mkiani, na kwa kuwa yanaweza kupinda, huubana wembe kwa ulaini kama kibanio cha nguo. Wembe unapofungwa, mgongo wake mnene hukutana na mashavu kabla makali hayajagusa chochote. Mashavu yakiwa magumu kupita kiasi, yatapasuka kwenye tundu la ribiti. Yakiwa laini kupita kiasi, au yakipinda upande mmoja, makali yataparuza shavu, na kazi ya saa nzima ya kunoa itapotea kwa kufunga wembe mara moja. Baya zaidi, wembe uliolegea hufunguka wenyewe ndani ya mfuko.

Hivyo basi, anayetaka kutengeneza mpini hatafuti rangi nzuri kwanza. Anatafuta kitu chenye unene wa milimita tatu hivi, kinachopinda na kurudi, kisichonywa maji, kisichotoa kemikali ya kula chuma, na kinachostahimili kutobolewa karibu na ukingo. Historia yote ya mpini wa wembe ni historia ya kukitafuta kitu hicho.

Ndovu wetu, nyembe zao

Mafundi wa Sheffield wa karne ya 18 na 19 walitumia pembe za ng'ombe na nyati, mifupa, magamba ya kasa aina ya ng'amba, na kwa wateja wenye fedha, pembe za ndovu. Hapa historia ya chombo hiki inatugusa moja kwa moja. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa bandari kuu ya pembe za ndovu katika Afrika Mashariki. Zilibebwa mabegani mwa wapagazi na watumwa kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, zikavushwa kisiwani, kisha zikasafirishwa kwenda Bombay, London na Marekani. Pembe ya Afrika Mashariki ilisifiwa kwa ulaini wake: haipasuki upesi na hukubali kung'arishwa. Ikawa vibonye vya piano, mipira ya biliadi, vitana na mipini ya visu.

Mlango huo umefungwa. Mwezi Julai mwaka 1989 Kenya iliteketeza tani 12 za pembe katika hifadhi ya taifa ya Nairobi, na mwaka huo huo nchi wanachama wa mkataba wa CITES zikaafikiana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe hizo. Uingereza ilipitisha sheria kali zaidi mwaka 2018, ikaanza kutumika Juni 2022. Msomaji aliyeko Uingereza aliyerithi wembe wenye mashavu ya pembe za ndovu anaruhusiwa kukaa nao au kumpa mwanawe. Kuuuza ni jambo jingine. Sheria hiyo husamehe baadhi ya vitu vya kabla ya mwaka 1947 endapo pembe iliyomo haifiki asilimia 10 ya ujazo wake, na mashavu mawili ya wembe aghalabu huvuka kiwango hicho. Ng'amba naye analindwa na mkataba huo huo.

Kafuri inayokula chuma

Hata kabla ya marufuku, pembe zilikuwa ghali. Katika miaka ya 1860 kampuni moja ya biliadi ya Marekani ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayebuni kitu cha kuchukua nafasi ya pembe za ndovu. Mchapaji John Wesley Hyatt aliingia mbioni, na mwaka 1870 akapata hataza ya seluloidi, yaani nyuzi za pamba zilizochanganywa na asidi ya naitriki kisha zikalainishwa kwa kafuri, kafuri ile ile tuijuayo majumbani mwetu. Mwingereza Alexander Parkes alikuwa ametangulia kuonyesha kitu cha jamii hiyo mjini London mwaka 1862.

Seluloidi iliweza kufanana na pembe za ndovu, gamba la kasa, hata lulu. Viwanda vya nyembe viliipokea kwa mikono miwili, na ndiyo maana nyembe nyingi zinazopatikana sokoni leo zina mashavu ya seluloidi. Kasoro yake hujitokeza polepole. Kadiri miaka inavyokwenda, kafuri huruka na pamba ile huanza kurudisha asidi iliyotengenezewa. Gesi hiyo ikikutana na unyevu wa hewa hugeuka tena asidi, na wembe uliolazwa katikati ya mashavu mawili huliwa na kutu pale pale unapoguswa na kivuli cha mpini wake. Ukiona wembe ambao shina lake linang'aa lakini sehemu inayofichwa na mpini ina kutu nyekundu nzito, mtuhumiwa wa kwanza ni seluloidi. Ugonjwa huo huambukiza: usiweke wembe wa namna hiyo katika sanduku moja na mingine iliyo mizima.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba seluloidi hushika moto kwa kasi ya kutisha. Wako wanaopendekeza kuipima kwa sindano iliyopashwa moto. Ushauri huo haufai kufuatwa. Vilevile usiikate wala kuisugua kwa mashine. Funika wembe kwa utepe mzito, chukua tupa, punguza kichwa cha ribiti taratibu mpaka kiishe, kisha isukume ribiti itoke kwa msumari butu. Mashavu yatatengana yenyewe. Usiyatupe bado, kwa kuwa ndiyo kielelezo cha umbo na cha nafasi za matundu: yachore juu ya karatasi ngumu, pima unene wa kabari, andika vipimo, ndipo uyatoe nje ya nyumba.

Resini ipi?

Resini ni kimiminika ambacho, kikichanganywa na dawa yake ya kugandisha, hubadilika kuwa kitu kigumu na hakirudi tena kuwa maji. Dukani utakutana na aina tatu.

Poliesta ndiyo mafundi wa mashua na matangi ya faiba wanayoijua. Ni rahisi na huganda upesi, ila husinyaa inapoganda na, ikiwa peke yake, huvunjika kama kioo, hivyo kuwa duni kwa mashavu membamba. Harufu yake kali ni ya stairini, ambayo mwaka 2018 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka katika kundi la vitu ambavyo yumkini husababisha saratani kwa binadamu. Dawa yake ya kugandisha ni ya jamii ya peroksaidi: tone moja jichoni laweza kupofusha. Poliuretani nayo huganda kwa dakika chache, lakini huchukia unyevu. Mimina poliuretani Mombasa wakati wa masika bila maandalizi na utapata povu badala ya mpini. Mvuke wake pia waweza kuanzisha pumu.

Kwa anayeanza, ushauri wa makala haya ni epoksi, tena ile iliyoandikwa kwamba ni ya kumimina wala si ile ya kuunganishia. Haisinyai sana, hupinda kidogo kabla ya kuvunjika, na hung'ara vizuri. Haina harufu kali, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwani watu huiamini. Epoksi mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara huweza kuzusha mzio, na mzio huo ukishaingia mwilini hautoki. Mtu aliyefanya kazi hiyo miaka miwili bila glavu anaweza kuamka siku moja na vipele mikononi, na tangu hapo asiweze kukaribia hata chupa iliyofunguliwa.

Kwa hiyo vaa glavu za naitrili, zile za buluu au nyeusi za hospitali, na uzibadilishe zikichafuka. Vaa miwani ya kazi. Fanya kazi kwenye baraza au chumba chenye dirisha lililo wazi, mbali na jiko na mahali watoto wanapolala. Ikikudondokea, futa kwa karatasi kavu kisha osha kwa sabuni na maji. Usitumie tina wala asetoni, maana huisaidia resini kupenya ndani ya ngozi. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi tu. Kwa mvuke wa poliesta unahitaji barakoa yenye kichujio cha mkaa.

Kumimina

Kalibu ya kazi hii si lazima iwe ya kifahari. Epoksi haing'ang'anii plastiki laini zinazotumiwa kutengenezea mikebe ya chakula, hivyo mkebe wenye kitako bapa watosha. Unaweza pia kugongomea fremu ya mbao na kuipaka utepe wa kufungia maboksi kila mahali ndani yake. Hakikisha imekaa sawa kwa pima maji, la sivyo shavu moja litakuwa nene mkiani na jembamba kichwani.

Mimina bamba moja litakalotoa mashavu yote mawili. Tuseme lina urefu wa sentimita 17, upana wa sentimita 8 na unene wa milimita 5. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 68, na kwa kuwa epoksi ni nzito kidogo kuliko maji, utahitaji gramu 75 hivi. Unene huo wa ziada si ubadhirifu, kwani utausugua hadi ufike milimita tatu na kuziondoa dosari za juu na chini.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Uwiano ulioandikwa kwenye chupa waweza kuwa wa ujazo au wa uzito, na mambo hayo mawili hayalingani, kwa sababu dawa ya kugandisha kwa kawaida ni nyepesi kuliko resini. Chupa inayosema mbili kwa moja kwa ujazo yaweza kuhitaji sehemu 100 kwa 45 hivi ukipima kwa uzito. Soma karatasi ya maelekezo ya chupa yako, na utumie mizani ya aina ya sonara, inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Kuongeza dawa ili igande upesi, kama mtu aongezavyo hamira kwenye unga, hakusaidii kitu: kiasi kilichozidi hakipati mwenza wa kuungana naye, na bamba litabaki laini kama jibini milele.

Koroga taratibu dakika tatu hadi tano, ukikwangua kando na chini ya kikombe. Kisha hamishia mchanganyiko katika kikombe cha pili kilicho safi na ukoroge tena. Hatua hiyo huonekana ya kupoteza muda mpaka siku utakapoiruka. Mwandishi wa makala haya aliiruka mara moja, akapata bamba zuri lenye mstari wa unata katikati usiokauka hadi leo.

Joto la chumba lina kauli yake. Kati ya nyuzi 22 na 25 za Selsiasi ni pazuri. Katika chumba cha London wakati wa baridi resini huwa nzito kama asali na mapovu hukwama ndani yake. Iweke chupa, ikiwa imefungwa vizuri, katika beseni la maji ya uvuguvugu kabla ya kupima. Dar es Salaam au Maskati mambo huwa kinyume: resini huganda upesi, na ikiachwa ikiwa nyingi ndani ya kikombe hujipasha moto yenyewe mpaka itoe moshi. Changanya kidogo, mimina mapema, na kikombe kikianza kuwa cha moto kitoe nje ukiweke juu ya saruji.

Mimina kwa uzi mwembamba kutoka juu, ukianzia pembeni. Mapovu yanayopanda juu hupasuka ukiyapitishia hewa ya moto ya kukaushia nywele kwa mbali. Wataalamu hutumia mtungi maalumu wa hewa iliyoshindiliwa, ambao huyaminya mapovu yasionekane. Tafadhali usijaribu kuigeuza sufuria ya presha ya jikoni kuwa mtungi huo. Haikutengenezwa kwa ajili ya hewa ya kompresa, na kifuniko chake kikifyatuka huua.

Funika kalibu vumbi lisiingie, na uondoke. Baada ya saa 24 bamba litatoka, lakini epoksi nyingi hufikia nguvu yake kamili baada ya siku saba. Ukianza kusugua siku ya pili, msasa utajaa ute na hutafika mbali. Mahali penye unyevu mwingi utaona utando wa mafuta juu ya bamba. Huo ni wa kuoshwa kwa maji na sabuni kabla ya lolote.

Kanga ndani ya mpini

Resini tupu hupendeza machoni, lakini resini iliyofumbata kitambaa ndiyo yenye nguvu. Wahandisi wa umeme walijua jambo hili tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, walipotengeneza mbao za kukingia umeme kwa kushindilia karatasi na pamba zilizoloweshwa resini, na baadaye watengenezaji wa visu wakaazima wazo hilo. Nyuzi za pamba huzuia ufa usitembee. Tundu la ribiti, ambalo ndilo mahali dhaifu kuliko pote, huwa salama zaidi.

Kitambaa kilicho karibu nasi ni kanga. Ichague ya pamba halisi, kwani zilizochanganywa na poliesta hazinywi resini vizuri. Kanga mpya huwa na wanga unaoifanya iwe ngumu. Ifue mara mbili kwa maji ya moto hadi wanga utoke, ikaushe na kuipiga pasi, maana unyevu kidogo tu ndani ya nyuzi utageuka mapovu. Kata vipande kumi hadi kumi na viwili vya ukubwa wa bamba. Weka karatasi ya plastiki juu ya ubao bapa, paka epoksi, laza kipande, kiloweshe kabisa, laza kingine, na kuendelea. Mwishoni funika kwa plastiki nyingine na ubao wa pili, kisha bana kwa vibanio au uweke mawe juu yake.

Usibane kwa nguvu zako zote. Ukiikamua resini yote itoke utabaki na kitambaa kikavu. Na usitarajie kuyasoma maneno ya kanga kwenye mpini uliokamilika. Tupa itapita juu ya tabaka la kwanza na maandishi yataondoka nalo. Kinachobaki ni kizuri kuliko maandishi: mistari ya rangi iliyopindana kufuata mviringo wa shavu, kama mistari ya mbao.

Wapo wanaotumbukiza vifuu vya nazi, buni za kahawa au mabaki ya mpingo. Vyote vyafaa endapo vimekauka sawasawa. Mpingo una mafuta yake ya asili yanayoikataa resini, hivyo kisugue na kukifuta kipande kwa spiriti muda mfupi kabla ya kumimina.

Tupa, kabari na ribiti

Gundisha vipande viwili pamoja kwa utepe wenye gundi pande zote mbili, bandika mchoro wako juu, na ukate kwa msumeno mwembamba nje kidogo ya mstari. Kuanzia hapa hadi mwisho chukulia kwamba ni kipande kimoja. Toboa matundu ya ribiti kabla ya kuvitenganisha, kwa keekee ya milimita 1.6, polepole, ukiitoa mara kwa mara ipoe. Keekee inayokimbia huyeyusha resini na tundu hupanuka.

Sugua kwa msasa wa maji wa namba 120, kisha 240, 400, 800, hadi 2000, ukilowesha kila wakati. Maji hupunguza joto, na muhimu zaidi, hulimeza vumbi, ambalo halifai mapafuni. Usihamie namba ya juu kabla mikwaruzo ya namba iliyotangulia haijafutika. Ukiwa na haraka hapa, kila mkwaruzo utaonekana mara mpini utakapong'arishwa kwa dawa ya kung'arishia magari.

Kabari za zamani mara nyingi zilikuwa za risasi, ili mkia uwe mzito na wembe utulie mkononi. Risasi ni sumu. Ukiikuta usiisugue ikiwa kavu, na haina sababu ya kurudi. Tengeneza yako kwa shaba nyeupe, pembe ya ng'ombe au mabaki ya bamba lako. Inenepe upande unaotazama wembe na iwe nyembamba kuelekea mkiani, kwa kuwa mashavu yenyewe yamelala kwa mteremko. Kabla ya kuifunga moja kwa moja, shikisha kila kitu kwa skrubu ndogo za muda na uufunge wembe. Ukitazama kutoka juu, ncha yake iwe katikati kabisa ya mashavu. Ikiegemea kushoto au kulia, sugua upande mmoja wa kabari kidogo, ujaribu tena. Hatua hii yaweza kukumaliza jioni nzima, na hakuna njia ya mkato.

Ribiti hukatwa kutoka kwenye uzi wa shaba nyeupe. Acha kiasi cha milimita moja tu kizidi kila upande juu ya kipete chake kidogo, laza juu ya chuma kigumu, na ugonge kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo. Gonga kama anayebisha hodi kwa mgonjwa: mapigo mengi, mepesi, ukigeuza pande. Anza na ribiti ya kabari, kisha ya wembe, ambao wakati wote huo makali yake yamefunikwa kwa utepe. Ribiti ya wembe ikazwe mpaka wembe usianguke kwa uzito wake lakini ukubali kufunguliwa kwa kidole kimoja. Ukizidisha pigo moja, utausikia mlio wa resini ikipasuka, na hapo unarudi kwenye kalibu.

Baada ya mpini kukamilika

Wembe uliorudishiwa mpini ni wa mtu mmoja. Virusi vya homa ya ini aina ya B vyaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi, na mpini wa epoksi hauwezi kuchemshwa wala kuingizwa katika mashine za kutakasa vyombo vya hospitali. Kwa sababu hiyo haufai kutumiwa na kinyozi kwa wateja mbalimbali, hata akiufuta kwa spiriti mbele yao. Kwa kazi hiyo kuna nyembe za umbo lile lile zinazobadilishwa kipande cha chuma kwa kila mteja.

Resini iliyobaki isimwagwe shimoni wala karoni. Changanya mabaki yote kwa uwiano wake, yaache yagande nje, ndipo uyatupe yakiwa magumu.

Baada ya kunyoa, suuza chuma peke yake, futa, na uuache wembe wazi kwa saa kadhaa kabla ya kuukunja; maji yaliyonaswa kati ya mashavu huleta kutu hata pale ambapo mpini hauna kosa. Uuepushe na jua, maana epoksi hugeuka manjano. Na kwa wasomaji walioko Ghuba: epoksi nyingi za kumimina huanza kulegea kati ya nyuzi 50 na 60. Gari lililoegeshwa juani Maskati au Dubai mwezi Julai hupita kiwango hicho, na mashavu yaliyokaa ndani yake mchana kutwa hupinda na kubaki yamepinda jioni, wakati mwingine yakiwa yameyalalia makali. Ukisafiri nao, uweke katika mzigo unaokabidhiwa uwanja wa ndege, na ukishuka uchukue pamoja nawe kuingia ndani.